Alfa Wenu Anakohoa

Wasee, leo najisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Mwaka juzi nilitengeneza video ya simba dume. Mnaijua ile: muziki mzito, simba anatembea polepole, halafu sauti yangu, nimeifanya nene makusudi, inasema, "Dume halalamiki. Dume haombi msaada. Hivyo ndivyo wanyama walivyo." Ilitazamwa mara 80,000. Ilinilipia kodi ya nyumba mwezi huo. Na sikuwahi kuangalia hata siku moja kama ni ya ukweli.

Binamu yangu ni mtu wa boda. Alikohoa miezi miwili na nusu. Tukimwambia aende hospitali anacheka, ati ni vumbi la barabara, ati mwanaume ni kujikaza. Suruali zikaanza kumvuka. Usiku analowesha shuka kwa jasho. Mwishowe shangazi alimburuta hadi dispensari ya serikali. TB. Dawa za miezi sita, bure, hakuitishwa hata shilingi. Kwa hivyo msiniambie shida ilikuwa pesa. Siku moja nimempelekea uji, akaniangalia akasema, "Si ni wewe ulisema simba hajipeleki kwa daktari?" Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata nilipokuwa huko nilikuwa nasomea biashara, si wanyama. Cheti sina. Lakini kusoma hakuna mlinzi getini. Na nilichogundua ni kwamba sisi watu wa video tunawataja wanyama kila siku na hatuwajui. Kibaya zaidi, baadhi ya wanyama wanaojulikana vizuri kabisa duniani wako hapa hapa kwetu.

Amboseli, chini ya Kilimanjaro, kuna nyani ambao wamefuatiliwa bila kukatizwa tangu 1971. Si kwa kuhesabiwa tu kama ng'ombe. Kila mmoja anajulikana kwa sura, mama yake ni nani, amepigana na nani, amepata kidonda lini na kimepona lini. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 ya kuandika. Wewe na mimi tuna sekunde 30 za simba tuliyemtoa kwa filamu ya mtu mwingine.

Mwaka 2011 watafiti wa huko walitoa matokeo ya kinyesi cha nyani madume 125, kilichokusanywa kwa miaka 9. Kinyesi kinabeba mabaki ya homoni, kwa hivyo unaweza kupima msongo wa mnyama bila kumgusa. Walipata nini? Yule namba moja, alfa mwenyewe, alikuwa na homoni za msongo juu sana kuliko namba mbili. Namba mbili anakula vizuri, anapata majike, na analala. Namba moja anapigana na kulinda majike mchana kutwa, hana amani.

Mwaka 2021 wakaangalia alama za kikemikali kwenye DNA, zile zinazoonyesha mwili umechakaa kiasi gani ukilinganisha na umri wake. Madume wa vyeo vya juu walionekana wazee kuliko miaka yao. Na dume akishuka cheo, ile saa ya mwili inapunguza mbio. Yaani kiti chenyewe ndicho kinachozeesha. Kwa majike haikuwa hivyo, kwa sababu kule jike hapigani kupata cheo. Anakirithi kwa mamake.

Sasa najua kuna jamaa tayari anaandika komenti. Atasema: mbona mwaka 2012 hao hao watafiti walipata kwamba madume wa vyeo vya juu wanapona vidonda haraka na hawaugui sana? Kweli kabisa, buda, na siwezi kuificha ndiyo nishinde. Lakini soma polepole. Huenda dume alifika juu kwa sababu mwili wake ulikuwa imara tangu mwanzo, si kwamba cheo kilimponya. Na mwili huo huo unaofunga kidonda haraka ndio huo unaozeeka haraka. Unalipa mbele au unalipa nyuma, lakini bili inakuja. Wauzaji wa alfa wanakuonyesha kidonda kilichopona, bili wanaikunja wanaweka mfukoni.

Tutoke Amboseli twende Mara. Huko Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi la nyani miaka ya 1980. Karibu na hapo palikuwa na jaa la taka la hoteli ya watalii, na jaa lilikuwa la kundi jirani. Ili ule pale ilibidi uende asubuhi ukapigane. Kwa hivyo walioenda ni madume wakali, wale wa kifua mbele. Madume wapole na majike walibaki nyumbani wakila majani na matunda yao.

Nyama ya lile jaa ilikuwa na TB.

Karibu nusu ya madume wazima wa lile kundi walikufa. Wakali wote waliokuwa wakienda kupigana, wakaisha. Hawakufa kwa sababu ya udhaifu. Walikufa kwa sababu ukali wao ndio uliowapeleka penye ugonjwa. Kundi lililobaki lilikuwa na madume watulivu, vita vikapungua, watu, samahani, nyani, wakawa wanakaa karibu na kuchambuana manyoya. Na miaka kama kumi baadaye, wakati madume wote wa mwanzo walishatoka au kufa na wageni kuingia, utulivu ule bado ulikuwepo. Wageni walikuta kundi linaishi hivyo, nao wakaishi hivyo. Ni nyani wale wale ambao tunaambiwa ni maumbile, hawabadiliki.

Nilisoma hiyo stori saa nane usiku na nikamfikiria binamu yangu. TB ni ile ile. Kifua mbele ni kile kile.

Hapa duniani wanaume wanapata TB kuliko wanawake, na Kenya pia ni hivyo. Sehemu ni mwili: kwa wastani kinga ya mwanamke inashambulia vijidudu kwa nguvu zaidi. Baadhi ya jeni za kinga ziko kwenye kromosomu X, na mwanamke anazo mbili. Lakini sehemu nyingine ni sisi. Sigara, pombe, kazi zetu, na ile tabia ya kusubiri mpaka ubebwe. Hiyo si jeni. Hiyo tunafundishana, na mimi nilikuwa mwalimu.

Na msichana anayesoma hii asifikirie ameponyoka. Kinga kali ina gharama yake: wakati mwingine inageuka kushambulia mwili wenyewe. Kwa kila watu 10 wenye lupasi, kama 9 ni wanawake. Halafu kwa miaka mingi maabara zilipenda kutumia panya madume peke yake, ati homoni za majike zinavuruga matokeo. Uchambuzi wa 2014 uliolinganisha tafiti karibu 300 za panya ulipata kwamba majike hawabadiliki-badiliki kuliko madume. Ilikuwa kisingizio tu. Na dume alipofanywa mfano wa wote, walioumia ni watu. Kuna dawa ya usingizi, zolpidem, iliyoanza kuuzwa Marekani miaka ya mwanzo ya 1990. Ilifika 2013 ndipo serikali yao ikaagiza kipimo cha mwanamke kipunguzwe kwa nusu, kwa sababu mwili wake unaitoa polepole na alikuwa anaamka asubuhi anaendesha gari dawa bado iko kwa damu. Miaka 20 wanawake wanapewa kipimo cha mwanaume.

Unaona ni kosa moja? Maabara inachukua dume mmoja inasema huyu ndiye mwili. Sisi tunachukua simba mmoja tunasema huyu ndiye mwanaume. Na hatuulizi hata fisi. Pale pale Mara, kwa fisi wa madoa, jike ndiye mkubwa na ndiye mkuu. Dume akihamia kundi jipya anaanza chini kabisa, chini ya watoto. Mbona sijaona video ya muziki mzito ya huyo?

Na hata ndani ya jinsia moja hamfanani. Rudi Amboseli. Majike waliopitia mambo matatu au zaidi utotoni, kama ukame, kufiwa na mama, mama wa cheo cha chini, waliishi miaka kama 10 pungufu kuliko waliopitia moja tu au wasiopitia hata moja. Mbuga moja, jinsia moja, miaka 10. Sasa wewe uliyelala njaa ukiwa darasa la tatu unaambiwa na mtu kwa simu kwamba tofauti yako na yeye ni bidii. Nani alikuambia mlianzia mahali pamoja?

Sisemi mwanaume asiwe na nguvu. Nasema anayekuuzia nguvu kwa jina la wanyama akuonyeshe huyo mnyama mzima, na kinyesi chake. Kule kule Amboseli, dume mwenye urafiki wa karibu na majike anaishi muda mrefu zaidi. Hiyo nayo ni maumbile, lakini haiuzi kozi ya shilingi 3,000.

Video yangu nimeifuta. Najua haisaidii sana, kuna wasee waliidownload na bado inazunguka mitaani bila jina langu. Ukikutana nayo, jua aliyeitengeneza alikuwa anatafuta kodi.

Binamu yangu amemaliza dawa. Amerudi kwa boda, na suruali sasa zinamshika. Wewe ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda upimwe. Ni bure. Na ukiona aibu kwenda peke yako, nitumie ujumbe nikusindikize, mimi kwa ile foleni sasa wananijua.