Mchina Naye Ana Jina

Wakulima wenzangu,

Msimu uliopita, usiku mmoja tukichambua karafuu barazani, walipita njiani Wachina wawili. Vijana wakaanza kuigiza usemi wao kwa sauti za puani, na sisi watu wazima tukacheka. Nami nilicheka. Walipokwisha pita, mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Katibu, yule mrefu aitwa nani?" Nikasema sijui. Akanijibu, "Yeye jina langu analijua. Ndiye aliyenitibu jicho."

Tangu hapo nimekuwa nikiyapima maneno yetu. Twasema Wachina hawana dini. Lakini mji wa Quanzhou una msikiti wa mawe ulioanzishwa mwaka 1009, na Zheng He, aliyeongoza merikebu za mfalme wa China baina ya 1405 na 1433, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Wako Waislamu, wako wa dini nyingine, na wako wasio na dini, kila mtu na lake.

Twasema kila kibovu ni "mchina". Tochi inayokufa siku ya pili ni mbovu kweli, lakini ni mfanyabiashara wetu aliyekwenda kuagiza ya bei rahisi kupita zote.

Na sisi wenye karafuu khasa haitupasi kuwadharau. Zama za ukoo wa Han, karne nyingi kabla mkarafuu haujaja visiwani kwetu, watu wa baraza ya mfalme wao walitia karafuu kinywani kabla ya kusema naye. Hata jina waliloipa kwa lugha yao maana yake ni msumari wenye harufu nzuri.

Dharau ina hasara yake. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu walianza kuja Zanzibar mwaka 1964. Baina ya 2017 na 2020 wataalamu wa jimbo hilo walikuwa hapa Pemba kupiga vita kichocho, wakitafuta konokono mitoni na mabwawani. Kwao nako kichocho cha aina nyingine kiliwatesa miaka mingi. Na kijijini kwangu yuko baba aliyewakataza wanawe kutoa mkojo upimwe, ati Mchina ataufanyia uganga. Mwanawe mmoja aliendelea kukojoa damu mpaka mwaka uliofuata. Mchina hakupata hasara yoyote.

Sisemi Wachina wote ni wema. Aliyekudhulumu mshitaki, yeye peke yake. Hatutupi gunia zima kwa ajili ya mpeta chache.

Ombi langu ni dogo. Ukikutana na Mchina njiani, mwamkie, muulize jina lake na umwambie lako. Na mtoto akianza kuigiza, akanywe palepale, wala mkubwa asicheke. Mimi sitacheka tena.

Katibu wenu