Mabuti ya Jeshi na Miguu ya Mfanya Kazi



Wanachama wengi wametuuliza, hasa wale wa ujenzi na wa magodauni, chama kinasema nini juu ya mabuti ya jeshi yanayouzwa mitumba. Wako wanaosema kwamba hakuna kiatu kama hicho duniani, ukikinunua mara moja umemaliza. Wako wengine wanaosema ni udanganyifu mtupu, maana walinunua Jumamosi na Jumatano soli ikabaki njiani. Sisi tumewasikiliza wote, na twaona wote wamesema kweli. Buti la jeshi si kitu kimoja. Yako ya namna nyingi, na asiyejua kuyachagua hununua hasara.

Kwanza tueleze yatokako. Jeshi likibadili mtindo wa kiatu, shehena nzima ya mtindo wa zamani huuzwa, hata yale ambayo hayajavaliwa na mtu. Jeshi la Uingereza liliacha mabuti meusi likachukua ya rangi ya udongo mwaka 2012. Mabuti meusi yakajaa katika maduka ya vitu vikuukuu. Mengine hupita mikono mingi mpaka yakafungwa katika robota na kufika Gikomba. Kwa hiyo ukiambiwa “hili ni jipya, halijavaliwa”, huenda ni kweli. Lakini jipya si lazima liwe zima, na hapo ndipo wengi wetu wameumia.

Ndugu mmoja wa tawi letu alinunua buti zuri sana, jeusi, jepesi, soli bila mkwaruzo hata mmoja. Alifurahi akatuonyesha sote. Siku ya tatu alikuwa akipanda ngazi na karai ya mchanga begani. Soli ya mguu wa kuume ikamomonyoka chini yake kama mandazi ya juzi, akaanguka. Kwa bahati njema hakuvunjika, lakini kifundo kilivimba akakaa nyumbani wiki mbili. Nyapara akasema kosa ni lake mwenyewe kwa kununua kiatu kibovu. Maneno hayo tutayarudia baadaye, maana hatukuyasahau.

Ilikuwaje kiatu kisichovaliwa kikaoza? Soli nyingine si mpira. Zimetengenezwa kwa kitu kiitwacho poliyurethani, chepesi na laini kwa mguu. Kitu hiki kina adui mmoja: unyevu ulioko katika hewa. Unyevu hukivunja ndani kwa ndani pole pole, hata kiatu kikiwa ndani ya sanduku lake. Miaka ikipita, kwa macho huoni neno, lakini nguvu imekwisha. Tena kiatu kilichowekwa tu huharibika hivi sawa na kile kinachovaliwa, kwa hiyo usiseme “hili halijatumika, basi litadumu zaidi”. Soli ya mpira haifi hivyo. Mpira ukizeeka huwa mgumu na kupasuka nyufa, na nyufa waziona.

Basi ukiwa mbele ya muuzaji usione haya. Shika buti kwa mikono miwili, likunje kwa nguvu pale vidole vya mguu vinapokunjika, mara tano, mara sita. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukucha ukiingia na alama isirudi, au vumbi likidondoka, au ukiona soli inanata kama gundi mbichi, rudisha. Muuzaji akikataza kulikunja buti lake, amekwisha kukujibu.

Halafu tazama jinsi soli ilivyoshikana na ngozi. Ukiona uzi mnene unaozunguka ukingo wote, hilo ni buti la kushonwa, na fundi wa viatu aweza kung'oa soli kuukuu na kushona nyingine, na baada ya miaka akafanya tena. Mabuti mengine hayana uzi. Soli yake ilimiminwa moja kwa moja juu ya ngozi ndani ya kalibu. Jeshi la Uingereza lilivaa mabuti fupi ya namna hiyo kwa miaka mingi, mpaka vita vya visiwa vya Falklands mwaka 1982, ambapo yaliingiza maji, na miguu ya askari wengi ikaharibika kwa baridi na unyevu. Baada ya hapo, mwaka 1984, wakaletewa buti refu. Twayataja haya kwa sababu wako watu wanaodhani kila kilichotoka jeshini ni bora. Serikali kubwa yenye viwanda na madaktari iliwapa askari wake kiatu kibaya, ikakijua ubaya wake baada ya askari kuumia.

Namba nazo zina faida. Ndani ya buti, penye ulimi au shingo, hutafutwa namba ya majeshi ya NATO, yenye tarakimu 13. Viatu vya kiume huanza kwa 8430, na tarakimu mbili zinazofuata ni za nchi: 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani, 14 ni Ufaransa. Mara nyingi pana na mwaka wa kutengenezwa. Huo mwaka utazame kuliko kitu chochote, na ikiwa soli ni ile nyepesi tuliyoieleza, kadiri mwaka ulivyo wa mbali, ndivyo uogope zaidi. Tena vipimo visikuchanganye. Buti la Marekani lililoandikwa 9 ni karibu sawa na 8 ya Uingereza. Ukiona 270 na namba nyingine kando yake, hiyo 270 ni urefu wa mguu kwa milimita, na ile ya pili ni upana. Pima mguu wako jioni baada ya kazi, maana asubuhi ni mdogo. Na ulivae buti ukiwa na soksi utakazofanyia kazi, utembee hatua kadhaa hapo hapo sokoni. Aliyelivaa kabla yako ameacha umbo la mguu wake ndani, na kisigino kilicholiwa upande mmoja kitakuvuta goti mpaka likuume.

Sasa juu ya kulitunza hatutasema mengi, kwa sababu wengi wenu mwajua, na wazee waliopata kuwa jeshini wajua kutupita. Buti la mitumba lioshe ndani na nje kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Ukungu upanguse kwa siki, ukauke kivulini penye upepo. Lililoloa lijaze magazeti makavu, uyabadili yakilowa. Usiliweke kando ya jiko! Hapo ndipo mabuti mengi mazuri yalipokufa. Ngozi iliyoloa ikipata moto husinyaa, ikawa ngumu, ikapasuka penye mkunjo, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Likikauka lipake mafuta ya ngozi, kidogo tu, kisha kiwi. Mafuta mengi hulainisha ngozi mpaka ikawa kama tambara. Yale ya rangi ya udongo yenye ngozi ya kukwaruza usiyapake kiwi kabisa, yapige brashi kavu. Na mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili, azivae kwa zamu. Jasho la siku moja halikauki usiku mmoja, na kiatu kibichi kila asubuhi huleta fangasi vidoleni.

Lakini ndugu, tulilotaka kusema hasa ni hili: buti la jeshi limetengenezwa kwa kutembea. Halikutengenezwa kwa kazi yako. Mengi hayana chuma mbele cha kulinda vidole, basi jiwe likianguka halina habari kwamba umevaa kiatu cha askari. Yale mabuti ya Kimarekani ya msituni, yenye kitambaa cha kijani ubavuni, yana matundu madogo ya kutolea maji karibu na soli. Kwa askari aliyevuka mto ni akili nzuri. Kwa mtu anayesimama ndani ya zege ni hatari kubwa, kwa maana maji ya saruji huingia kwa matundu yale yale na kukaa juu ya ngozi ya mguu. Saruji mbichi huunguza. Nayo huunguza pole pole bila maumivu mwanzoni, mtu akaendelea na kazi mpaka jioni, na akivua soksi ngozi huja nayo. Mabuti ya zamani yenye misumari chini huteleza juu ya sakafu ya saruji, na hutoa cheche, basi yasikaribie petroli. Kiatu cha kazi kina alama yake. Kikiwa kimeandikwa EN ISO 20345 na S3, kina kinga ya vidole, hakitobolewi upesi na msumari, na kinazuia maji. Buti la jeshi livae kwa njia ya kwenda na kurudi, na kwa shamba.

Na kiatu cha kazi ni cha nani kununua? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yasema kwamba penye kazi ya kulowa au yenye kitu cha kudhuru, tajiri atoe na kutunza nguo na vifaa vya kumkinga mfanya kazi, na viatu vimetajwa humo kwa jina. Shirika la Kazi la Ulimwengu nalo, katika mkataba namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, limesema hatua za usalama zisimtoe mfanya kazi gharama yoyote. Basi yule nyapara aliyesema “kosa ni lake” alipindua mambo. Ndugu yetu alinunua buti bovu kwa sababu hakupewa zima. Fedha aliyoitoa Gikomba ilikuwa deni la tajiri.

Hadithi hii ni ya kale katika nchi yetu. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 wachukuzi wa Kariokoo walibeba mizigo ya jeshi miguu mitupu, kwa maelfu, na wengi wao hawakurudi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi umechukua jina lao. Wakati ule ilidhaniwa kwamba mguu wa Mwafrika hauhitaji kiatu. Katika vita vya pili watoto wao walivaa mabuti walipokwenda Burma, na sasa wajukuu wao wayanunua mabuti ya majeshi ya watu ili waweze kumjengea tajiri nyumba. Twaona safari imekuwa ndefu na mahali tulipofika si mbali.

Wako wanachama wanaotuambia, “Nikidai kiatu nitaambiwa kazi hakuna.” Twajua. Kibarua wa siku moja hana nguvu ya kudai peke yake, na hatutamcheka. Ndiyo maana neno hili lazima lisemwe na kamati. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria ile ile, kifungu cha 9, yataka pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe ndani yake. Katika kazi kadhaa za wanachama wetu kamati hiyo ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Na ukiumia ukiwa umevaa kiatu chako mwenyewe, usione haya ukanyamaza. Toa habari siku ile ile, na mwenzako aliyeona aandike jina lake.

Kabla ya mkutano wetu na matajiri, kila mwakilishi alete orodha ya mahali pake: kazi gani, watu wangapi, wamevaa nini miguuni, na nani aliyelipa. Na aliye na buti lililomomonyoka soli asilitupe. Alilete ofisini kwa tawi pamoja na vipande vyake, tutaliweka mezani siku hiyo.