Usinunue magurudumu ya kuuza sura, utaumia!

Leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mavazi, tuzungumzie baiskeli. Usicheke! Baiskeli ya resi siku hizi ni kitu bomba, na wapo washikaji wanaoitunza kuliko hata wachumba wao.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia akawaacha wenzake kwenye vilima vile vya Rwanda, akachukua ubingwa. Wengine waliangalia miguu yake, lakini vijana wa kijiwe chetu macho yao yaliganda kwenye magurudumu: ringi nene, nyeusi, za kaboni. Tangu siku hiyo swali ni moja tu. "Kaka, nataka kubadili magurudumu, ila mshiko wenyewe ndio huu. Ninunue yapi?"

Kabla sijajibu, nikusimulie yaliyonikuta mwenyewe. Niliwahi kununua magurudumu ya mtumba. Yalikuwa yanang'aa balaa, spoku chache, stika kubwa pembeni. Muuzaji akaniambia, "Hii kitu imetoka Ulaya, hupati tena." Nikadata, nikalipa, sikukagua chochote. Wiki ya tatu niko kwenye mteremko, nakamata breki, nikasikia paa! Ukuta wa ringi ulikuwa umeliwa na breki mpaka ukawa mwembamba kama kopo la soda. Ukapasuka, tairi likachomoka, nami nikaisalimia lami. Daladala iliyokuwa nyuma yangu ilisimama hatua tatu kutoka kichwa changu. Hatua tatu, msomaji wangu! Kisa? Kuuza sura.

Sasa tuje kwenye hesabu. Magurudumu yanayokuja na baiskeli ya bei ya kawaida huwa na kilo mbili hivi kwa jozi. Ukipata mazuri ya alumini ya kilo moja na nusu, umepunguza gramu 500. Huo ni uzito wa maji ya chupa ndogo ya nusu lita! Kama wewe na baiskeli yako mna kilo 80, hujapunguza hata asilimia moja. Na zile ringi nene? Faida yake ni kukata upepo, nayo unaiona zaidi ukiwa kwenye kasi kubwa. Sasa wewe uliyebanwa na foleni kati ya bajaji mbili unakata upepo gani? Upepo wa ubavuni ukivuma, ringi hizo ndizo zinazokuyumbisha.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye tairi. Naam, tairi! Wengi bado wanapanda tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo mpaka zimekuwa jiwe, kila tuta linagonga kiuno. Kama fremu na breki zina nafasi, vaa tairi nzuri za milimita 28, upunguze upepo kidogo. Utadhani umenunua baiskeli nyingine. Hata wakali wa mashindano makubwa siku hizi wanapanda 28 na zaidi. Halafu mpe fundi magurudumu uliyonayo ayanyooshe, akaze spoku, aoshe gololi na kuweka grisi mpya. Wengine wakifika hapa hugundua kwamba hawakuhitaji magurudumu mapya hata kidogo.

Bado unayataka? Haya, lakini usipigwe changa la macho. Kwanza soma namba kwenye ubavu wa tairi lako. Ukiona 622, hiyo ndiyo saizi ya baiskeli nyingi za resi, ile inayoitwa 700C. Baiskeli za zamani za inchi 27 husomeka 630. Tofauti ni milimita nane tu, lakini tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine.

Pili, pima nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu. Baiskeli nyingi za breki za ringi zenye gia nane na kuendelea nyuma ni milimita 130, na za zamani zenye gia sita au saba mara nyingi ni 126. Za kisasa zenye breki za diski kwa kawaida ni 142. Angalia pia kama meno yako ya nyuma ni friweli ya kukaza kwa nyuzi au ni kaseti ya kuvalisha. Ukikosea hapo, umenunua pambo la ukutani.

Tatu, spoku. Kwa barabara zetu za mashimo na matuta, chukua ringi ya alumini yenye spoku 28 au 32 za kawaida, zile ambazo fundi wa mtaani anazo. Ikikatika moja, zilizobaki zinaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye gurudumu la spoku 16, ikikatika moja ringi inapinda, inabana breki, nawe unatembea kwa miguu umebeba baiskeli begani. Aibu hiyo!

Nne, kama ni mtumba, kagua kama unayekagua posa. Zungusha gurudumu uone kama linacheza. Tikisa ekseli, isilegee. Chungulia pale spoku zinapoingilia kwenye ringi, pasiwe na nyufa. Kisha weka rula kwenye ukuta unaoshikwa na breki. Ukiona umebonyea katikati, rudisha, hata ukipewa bure. Ringi nyingi zina kijishimo au mfereji mdogo wa alama hapo, na ukiwa umefutika, ringi imekwisha. Ningelijua hilo siku ile, goti langu lisingekuwa na kovu.

Mwisho, usimalize mapene yote kwenye magurudumu. Bakiza ya tyubu, ya fundi, na ya kofia ngumu. Anayekupita barabarani na ringi za kaboni mwache apite. Huenda anakimbilia kwa fundi!

Haya mshikaji, na wewe dada yangu unayepanda resi kwenda kazini, nafasi imekwisha. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo hapa hapa. Kaa chonjo!