TAHARIRI: Ukifeli Usaili, Uambiwe Umefeli Wapi



Wiki hii tuweke pembeni kidogo habari za mikutano na viongozi, tuongee kuhusu kile chumba chenye meza ndefu, chupa za maji na watu watano wanaokutazama. Karibu kila kijana wa tawi letu mwenye cheti amewahi kukalia kile kiti cha upande wa pili. Wengi tumetoka pale shati limelowa mgongoni. Na wengi hadi leo hatujui kilichotuangusha.

Nianze na la kwangu, nisije nikaonekana nasema ya wenzangu tu.

Mimi nilisoma ununuzi na ugavi. Nilihitimu 2019, nikarudi Lindi, nikakaa dukani kwa mjomba nikiuza misumari na rangi. Mwishoni mwa 2024 jina langu likatoka kwenye orodha ya kuitwa kwenye usaili wa ofisi moja ya umma, mahali Dodoma. Tangazo, kama ilivyo kawaida ya matangazo hayo, lilisema kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mstari mmoja tu, lakini nyumbani kwetu mstari huo ulimaanisha mama aende kukopa kwenye kikoba chake. Nikapanda basi hadi Mbagala, nikalala kwa shangazi, alfajiri nikawahi stendi ya Mbezi. Dodoma tulilala watatu chumba kimoja cha gesti, wote wasailiwa, wote na bahasha za kaki kichwani kama mto.

Asubuhi kwenye foleni ya kukagua vyeti, dada mmoja mbele yangu alirudishwa. Kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina la babu yake, kwenye cheti cha kidato cha nne ana la baba, na hakuwa na hati ya kisheria ya kusema ni mtu yuleyule. Ametoka Kigoma. Hakulia. Alikaa chini ya mti, akatoa maandazi kwenye mkoba, akaanza kula taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia, nikasema "shikamooni", mwenyekiti akaitikia, kisha papo hapo akanigeuzia Kiingereza. Jieleze. Nikajieleza, nikababaika kidogo lakini nikafika. Halafu likaja swali ambalo nililipenda mwenyewe: nieleze mfumo wa kielektroniki unaotumika kwenye ununuzi wa umma nchini na sheria inayousimamia. Nikajiachia. Nikaeleza TANePS kama mtu aliyeijenga, nikataja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na vifungu vyake. Mama mmoja pembeni ya meza aliandika kitu, akanitazama kwa huruma fulani hivi, nami nikadhani ananipenda. Wakauliza kama nina swali. Nikasema sina. Asante, karibu tena.

Nje nikamsimulia kijana niliyelala naye gesti, tena kwa kujidai. Akacheka. "Kaka, TANePS si ilishazimwa? Sasa hivi ni NeST, toka 2023. Na sheria yenyewe mpya, ya 2023 hiyohiyo. Wewe umetokea wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Kosa lilikuwa langu, halina mjadala. Madaftari yangu ya chuo yalikuwa sahihi mwaka nilioyaandika, mimi ndiye niliyelala nayo miaka mitano bila kuyagusa. Vifurushi vya kuangalia mpira nilikuwa navyo, vya kuingia kwenye tovuti ya PPRA nusu saa sikuwa navyo. Lakini jiulizeni: nani aliyenifundisha kosa langu? Siyo jopo, wala ile ofisi. Ni msailiwa mwenzangu, tena kwa bahati ya kulala chumba kimoja. Orodha ya walioitwa kazini ilipotoka, jina langu halikuwepo, na maelezo yalikuwa yaleyale tunayoyajua: ambao hawajaona majina yao wajue hawakupata, wasisite kuomba tena.

Niombe tena nikajibu nini? Kama si yule kijana, ningerudi Lindi nikawaambia watu dukani kwamba nafasi zile zilikuwa na wenyewe. Na nisiwafiche, ndicho nilichosema baada ya usaili wangu wa kwanza na wa pili. Huenda ilikuwa kweli. Huenda nako nilikoroga. Sitajua, na aliyenisaili hana habari kwamba sijui.

Sisi wa upinzani tunapenda kusema kila aliyekosa kazi ameonewa. Si kweli, na tukiendelea kusema hivyo tunawaharibu vijana wetu. Lakini wale wenzetu wa upande wa pili nao wana wimbo wao, kwamba kijana akikosa hakujiandaa, hajiamini, hajui kujieleza. Hebu tupige hesabu. Mwanzoni mwa 2025 TRA ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Yaani karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Hata kama wote wangejibu kama maprofesa, 133,431 wangerudi nyumbani. Miezi hiyohiyo walimu zaidi ya 200,000 walikuwa wakiwania nafasi 14,648, tena kwa usaili, kitu ambacho wengi wao hawakukitarajia maana waliowatangulia walikuwa wakipangiwa vituo moja kwa moja. Ukiwa katikati ya umati wa namna hiyo, kufeli kwingine hakuna somo lolote ndani yake. Viti vimeisha, basi. Lakini kijana huyo naye ana haki ya kuambiwa hivyo: ulifaulu, viti vimeisha. Ni tofauti kabisa na kuambiwa hukuweza. Wa kwanza anarudi kusoma, wa pili anachana vyeti.

Na msiniambie koneksheni ni hadithi ya vijiweni. Wengine tunakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 wamekaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa wanaandika mtihani juu ya mapaja kwa ajili ya nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka huohuo wizara ikafuta ajira zipatazo 200 za idara hiyohiyo, baada ya malalamiko kwamba waliopewa ni ndugu na jamaa wa watumishi. Kwa hiyo mtu akisema kuna vimemo, hajaota. Kinachoua ni kwamba huwezi kutofautisha. Aliyeibiwa nafasi na aliyejibu TANePS wote wanapewa ukimya uleule, na kwenye ukimya huo kila mtu anajaza jibu linalomfariji.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha tawi, tukasema kila mmoja asimulie usaili wake ulivyoharibika, bila kuchekana. Tulichekana, lakini tulijifunza mengi kuliko semina zote tulizowahi kulipiwa soda.

Mwalimu mmoja wa sayansi, miaka minne yuko kwenye mitumba, aliulizwa tofauti ya azimio la kazi na andalio la somo akazigeuza. Anasema alijua, mdomo ndio uligoma. Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni anaandaa somo moja kamili kama vile kesho ana kipindi, na mdogo wake ndiye mwanafunzi. Mwingine aliomba kazi kampuni binafsi, akaulizwa anataka mshahara kiasi gani, akajibu "chochote tu mtakachonipa". Wakampa chochote. Nauli ya daladala ilikula nusu, akaacha baada ya miezi miwili. Siku hizi kabla ya kwenda anauliza watu wa kazi ileile wanalipwa ngapi, anapiga hesabu ya kodi na nauli, anakwenda na namba mdomoni.

Kuna wa Kiingereza, na hapo tulikaa muda mrefu. Karibu nusu ya kikao walisema walijua jibu kwa Kiswahili. Mhasibu aliyefunga hesabu za saccos ya kijijini miaka mitatu alishindwa kueleza kazi yake mwenyewe kwa sababu aliifanya yote kwa Kiswahili, na wateja wake wote ni wa Kiswahili, na hata hiyo kazi aliyoomba angehudumia watu haohao. Mimi naona hili halijakaa sawa. Lakini kesho asubuhi usaili ni kwa Kiingereza, hivyo tumekubaliana Jumatano jioni ofisini kwetu pale tawini ni Kiingereza tupu, na atakayemcheka mwenzake analipa chai ya wote.

Kisha wakazungumza akina dada, na kicheko kikaisha.

Mmoja aliulizwa kama ameolewa. Akasema ndiyo. Akaulizwa anategemea kuzaa lini. Akajibu kwa upole kwamba bado hawajapanga, akijua kabisa kazi imeshaondoka. Alifikiri ndio utaratibu. Dada zangu, si utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, na inagusa hadi namna ya kutangaza kazi na kuchagua watu. Mwingine alipigiwa simu usiku na mmoja wa wale wale waliomsaili, akiambiwa matokeo yake "yanaweza kurekebishika" wakionana. Hakwenda, na kazi hakupata. Hilo lina kifungu chake, cha 25, kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, bure. Alituuliza: nitathibitishaje? Tukamwambia ukweli kwamba ni ngumu, lakini ujumbe wa simu usifute, muda na tarehe uandike, na mwambie mtu mmoja unayemwamini siku ileile. Hatukuwa na jibu zuri zaidi la kumpa.

Na kijana mwingine, huyu ni wetu kabisa, aliambiwa katikati ya mahojiano kwamba picha zake za mkutano wa hadhara zimeonekana. Halikuwa swali, walimwambia hivyo tu. Kifungu kilekile cha 7 kinataja pia maoni ya kisiasa. Anasema baada ya pale aliendelea kujibu maswali lakini hasikii sauti yake mwenyewe.

Ukisikiliza hayo yote kwa pamoja unaona kwamba mwalimu wa azimio la kazi na dada wa simu ya usiku wako kwenye kapu moja: "hawakupata". Mmoja anahitaji kwenda kusoma, mwingine anahitaji wakili. Tunawapa wote ushauri mmoja wa kujiamini na kuvaa vizuri.

Ndiyo maana jumuiya yetu ya vijana tunadai kitu ambacho hakihitaji bajeti kubwa. Msailiwa wa mahojiano aonyeshwe alama zake kwa kila swali, na mstari mmoja wa sababu. Jopo tayari linaandika, mimi nilimwona yule mama akiandika. Karatasi ipo. Aliyefaulu akakosa nafasi aambiwe ni wa ngapi kwenye foleni. Majibu hayo yaingie kwenye akaunti ileile ya mtandaoni tunayotumia kuomba, kila mtu aone yake. Wakisema watu ni wengi mno, basi waanze na waliofika mahojiano, ambao si laki.

La pili ni umbali. Walimu mwaka 2025 walifanyia usaili kwenye mikoa wanayoishi, kwa hiyo tumeshaona inawezekana. Hatuoni kwa nini mhasibu wa Lindi au nesi wa Kigoma avuke nusu ya nchi kwa hela ya kikoba ili akakaguliwe cheti na kurudishwa mlangoni, wakati vyeti vingeweza kukaguliwa kwao kabla hajapanda basi. Tutaiandikia wizara inayohusika na utumishi wa umma barua ya mambo haya mawili, na nakala tutawapa wabunge wote wa mkoa wetu, wa chama chochote. Rasimu iko tawini, njooni muisome na mkosoe.

Mama bado anadaiwa kwenye kikoba, tumebakiza marejesho mawili. Yule kijana wa NeST ameitwa tena mwezi ujao, ofisi nyingine, Dodoma ileile. Jana usiku amenipigia tuulizane maswali. Mimi nilikuwa jopo.