Uti wa Mgongo na Deni la Wanakiswahili

Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo imo humu humu Nairobi. Hata hivyo, mgonjwa akisharudishwa nyumbani Kiamaiko, muuguzi wake huwa ni mama, mke au ndugu. Huyo ndiye amgeuzaye kitandani kila baada ya saa mbili ili asifanye vidonda, na atunzaye mpira wa mkojo. Yampasa pia ajue kwamba, kwa aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, maumivu makali ya ghafla ya kichwa huweza kusababishwa na kibofu kilichojaa, nayo huweza kuua.

Maarifa haya aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Nasi tumeliacha neno 'uti wa mgongo' libebe mifupa na neva kwa pamoja, huku wengi wakilisikia hukumbuka homa tu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinadai mtu mwenye ulemavu atajwe kwa heshima. Ndiyo maana tukalikataa neno 'kiwete'. Ni vyema, lakini jina zuri halizuii kidonda. Ni maoni yangu kwamba idara zetu ziketi na wauguzi, ziandike mwongozo wa Kiswahili chepesi. Istilahi isiyomfikia mwuguzaji huyu ina faida gani?