Vitabu vya Picha Si vya Wadogo Tu

Wako wanafunzi wa madarasa ya juu wanaodharau vitabu vya picha, wakisema ya kuwa ni vya watoto wadogo. Mimi sikubali. Mwaka 1658 Comenius, mwalimu na askofu kutoka Moravia, alitoa kitabu cha picha cha kufundishia Kilatini. Vitu vilivyochorwa vilitiwa namba, ili mtoto akione kitu na kulijua jina lake pamoja. Basi picha ni msaada wa akili, wala si mchezo.

Tena ziko picha zilizo ngumu kuliko maneno. Mwaka 2006 Shaun Tan wa Australia alitoa The Arrival, hadithi ya mtu aliyemwacha mkewe na binti yake, akaenda kutafuta maisha ugenini. Hadithi hiyo haina maneno ya kusoma. Msomaji hutazama uso, mkono na mzigo, akaitambua huzuni mwenyewe. Asiye na subira hufunua kurasa zote asione kitu.

Kwa hiyo, ninyi wakubwa, msimcheke mwenzenu ashikaye kitabu cha picha. Mkimcheka ataona haya, atakiacha, na huenda asishike kingine. Afadhali mketi naye, mkamwulize, "Umeona nini?"