Subira ya Mtoto na Ahadi ya Mkubwa

Alfajiri, kabla ukungu haujainuka katika vilima vya Butembo, mashariki mwa Kongo, utamwona mtoto wa miaka minane akiteremka kwenda kuteka maji na bidoni lake la njano, na akilini amechukua maagizo ambayo mama yake hakumwandikia popote: apite kwa jirani aulizie unga wa muhogo, na lau jirani hayupo aende kwa shangazi, asicheze njiani, akirudi ambebe mdogo wake mgongoni mpaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, iive, kisha anawe na kuiwahi kengele ya shule. Saa mbili baadaye mtoto yule yule, akiwa wa tano kwenye dawati la watu watatu, husahau maagizo mawili ya mwalimu yaliyotamkwa kwa Kifaransa, naye akaambiwa mbele ya wenzake ya kwamba hana akili. Hukumu hiyo ni dhuluma, na aghalabu hutolewa na watu wema waliochoka, wasiojua wanachokivunja.

Wataalamu wa nafsi hutaja nguvu tatu ambazo kwazo binadamu hujiongoza mwenyewe: kushika jambo akilini huku akilifanyia kazi, kuuzuia mkono na ulimi visikimbilie kinachovutia, na kugeuza njia pale njia ya kwanza inapozibika. Nguvu hizi humea kwa kasi tangu mtoto ana miaka mitatu hadi kama saba, huendelea kukomaa katika miaka yote ya shule, na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo makao yake makubwa, haijakamilika hata kijana apitapo miaka ishirini. Hayo ni kwa watoto wote wa dunia. Walakini kazi ambayo nguvu hizo hufundishwa kuifanya hutofautiana, kwa kuwa kila kaumu humwomba mtoto kile inachokihitaji, na mtoto hukomaa upande ule anaoombwa.

Mtaalamu Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, akatangaza matokeo yake mwaka 1979: wa Manchester waliwashinda wenzao kwa kuiga michoro kwa kalamu, na wa Lusaka, waliozoea kukunja nyaya kuunda magari ya kuchezea, wakawashinda kwa kuiga maumbo kwa waya; ilipofika zamu ya udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote mbili waliuzoea, hawakuachana. Wakipsigisi wa Kenya nao wana neno lao, ng'om, wanalomsifia mtoto mwerevu anayeaminika kwa kazi za nyumbani, na huutenga werevu huo na ule wa shuleni. Sisi Wanande hatukuwa na haja ya kusubiri mgeni atuambie haya, maana katika kyaghanda, kando ya moto wa wazee, kijana alifunzwa kunyamaza, kusikiliza mpaka mwisho, na kujibu kwa zamu yake.

Lakini neno ninalotaka hasa kuwafikishia wazazi na walimu wenzangu lahusu subira. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walitangaza habari ya watoto wa miaka minne, Wanso wa Kameruni na Wajerumani, waliowekewa kitamu mbele yao wakaambiwa ya kwamba atakayengoja bila kukila atapewa cha pili. Katika Wanso, watoto wa familia za wakulima, karibu saba katika kila kumi walingoja, wengine wakasinzia palepale. Katika Wajerumani hawakufika watatu katika kumi. Tusikimbilie kujisifu kwa sababu Wanso ni Waafrika wenzetu. Tuulize mtoto huipata wapi subira yenyewe.

Jibu moja lilitoka Rochester, Marekani, katika utafiti wa Celeste Kidd uliochapishwa mwaka 2013. Kabla ya jaribio la kitamu, mtu mzima aliwaahidi watoto kalamu za rangi nzuri zaidi, kisha vibandiko vizuri zaidi. Kwa nusu yao alileta alichoahidi, na kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Ilipofika zamu ya kungoja kitamu, waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12, na waliovunjiwa walingoja dakika 3. Watoto hao hawakutofautiana umri. Kilichowatenga ni kwamba mmoja alikuwa amejifunza kwamba neno la mkubwa hushika, na mwenzake amejifunza kwamba halishiki. Na huyu wa pili alipokinyakua kitamu chake mapema hakufanya upumbavu, bali alipiga hesabu sahihi.

Sasa tumtazame mtoto wa Beni, jirani na Butembo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu katika mashamba yao ya kakao, na mkulima aliyemwambia mwanawe “tukivuna nitakununulia viatu” hakupata kurudi shambani, wengine hawakupata kurudi duniani. Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, ambayo hadi ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Na Desemba ya mwaka huo wa 2018 wakubwa wenyewe, waliokuwa wakingoja kura, wakaambiwa ya kwamba Beni na Butembo zitapiga Machi, ilhali rais angeapishwa Januari. Mtoto aliyekulia humo, akisikia mwalimu akisema “vumilia, faida utaiona mbele,” anapima neno hilo kwa mizani aliyoizoea. Akilini mwake pia mna mlinzi asiyelala, anayesikiliza kila kishindo, na akili inayolinda mlango haina nafasi kubwa ya kushika hesabu za kugawanya. Tena watoto hao hao, wakati wa Ebola, walijifunza kuurudisha nyuma mkono uliokwisha kunyooka kumwamkia bibi, jambo gumu kuliko kuacha peremende mezani. Basi nani atasema kwamba hawajui kujizuia?

Wako watakaosema dawa ni fimbo. Fimbo humzuia mtoto maadamu ipo mkononi mwa mtu. Ikitoka mlangoni, kizuizi nacho kimetoka, kwa kuwa kilikuwa cha mwalimu wala si cha mtoto. Wako pia watakaonielewa vibaya, wadhani nasifu kila kazi ya mtoto. Hasha! Kumtuma mtoto apitie soko akumbuke mambo matatu ni kumlea. Kumkalisha sokoni kutwa na karai la ndizi wakati wenzake wako darasani, hasa baada ya shule ya msingi ya serikali kutangazwa kuwa bure Septemba 2019, ni kumnyang'anya.

Enyi walimu, najua madarasa yamejaa na mishahara huchelewa, nanyi pia mmevunjiwa ahadi nyingi. Hata hivyo yako mambo yasiyohitaji fedha: agizo moja kwa wakati mmoja, na likisemwa kwa Kifaransa lirudiwe kwa Kiswahili au Kinande, utaratibu wa siku usiobadilika, ili mtoto aliyehama mara tatu ajue angalau hapa kinachofuata baada ya nini, mchezo wa kusimama ghafla wimbo unapokatika, ambao hata watoto tisini huuweza uwanjani. Nanyi papa na mama, msimwahidi mtoto jambo ili tu anyamaze. Mwahidini dogo mnaloliweza, mlitimize siku ile ile mliyoitaja. Na likishindikana, mwiteni, mkae naye, mmweleze kilichozuia na siku mpya.

Na mwalimu aliyemnyang'anya mtoto daftari Jumatatu kwa kosa la kuchora chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, pembeni ya hesabu, akamwambia atalipata Jumatano, Jumatano ikifika asingoje kuombwa: alitoe katika mkoba wake kabla ya somo la kwanza, amkabidhi mkononi.